Watu Sita Ndani ya James Caird: Udugu wa Mabaharia wa Endurance, 1914–1917

Mashua ndogo haikuundwa ili kuvukia bahari za ncha za dunia. Ilibebwa juu ya meli kwa kazi za pwani na kwa siku ya dharura, na ilishushwa kwa safari ndefu pale tu meli yenyewe ilipobanwa na barafu isitoke tena. Ndivyo ilivyowapata mabaharia wa Uholanzi waliokuwa na Willem Barentsz mwaka 1597. Baada ya kupitisha majira ya baridi katika nyumba ya mbao huko Novaya Zemlya, waliiacha meli yao ndani ya barafu wakaondoka kwa mashua mbili za wazi, na Barentsz mwenyewe akafia njiani. Karibu miaka 320 baadaye, upande wa pili wa dunia, yaliwakuta hayohayo watu 28 wa meli ya Uingereza iliyoitwa Endurance.

Melini kila mtu alikuwa na kitanda chake, meza yake na daraja lake. Ndani ya mashua isiyofika mita 7 hapakuwa na ukuta wa kumtenga ofisa na mtia makaa, wala mahali pa kumkwepa mtu asiyependeza. Kisa cha Endurance kinafahamika kwa undani kwa sababu wengi wao waliandika shajara, na shajara hizo hazikuficha mambo. Humo wamo watu waliochokana, wakanuniana na kusemana, lakini wakashikana hadi siku ya mwisho. Mara nyingi hadithi yao husimuliwa kana kwamba moyo wa kiongozi ulitosha kuwaokoa. Moyo huo ulikuwapo kweli, na utaonekana hapa chini. Ila kazi kubwa zaidi ilifanywa na utaratibu, yaani namna chakula kilivyogawanywa, zamu zilivyopangwa, na joto la mwili lilivyotolewa hata kwa yule ambaye hakuna aliyemtaka karibu.

Utaratibu wa namna hiyo haukuwa wa kawaida katika safari za Waingereza wa wakati ule. Jeshi la Wanamaji la Uingereza, lililotoa maofisa wengi wa safari za Antaktika, liliwatenga maofisa na mabaharia kwa chakula, malazi na hata mazungumzo. Katika nyumba ya safari ya Robert Falcon Scott pale Cape Evans, mwaka 1911, masanduku ya shehena yalipangwa yakawa ukuta kati ya pande hizo mbili. Kundi jingine la safari hiyohiyo, watu 6 chini ya Victor Campbell, lilikwama mwaka 1912 na kulazimika kuishi majira yote ya baridi katika pango walilolichimba wenyewe kwenye theluji. Watatu walikuwa maofisa, watatu mabaharia. Campbell akachora mstari sakafuni: huku maofisa, kule mabaharia, na ikakubaliwa kwamba linalosemwa upande mmoja halisikiki upande wa pili, ingawa walilala hatua chache tu kutoka mstari ule. Wote 6 walitoka hai, na mpango huo usidharauliwe, kwa maana kila upande ulipata nafasi ya kulalamika bila kuvunja nidhamu. Ila ndani ya mashua mstari huo usingekuwa na mahali pa kupita.

Ernest Shackleton, aliyeiongoza safari ya Endurance, alitokea kwenye meli za biashara, alikoanza kazi akiwa na miaka 16. Alikwisha kwenda na Scott katika safari ya Discovery, na hapo ndipo kilipoanza kimojawapo cha vitu vilivyokuja kuwafaa watu wake. Mwishoni mwa mwaka 1902 Scott, Shackleton na Edward Wilson walikuwa wakivuta sleji kuelekea kusini huku njaa ikiwauma. Chakula kilipotoka sufuriani, kila jicho lilipima fungu la mwenzake. Scott aliandika kwamba Shackleton ndiye aliyebuni dawa. Mpishi aligawa mafungu 3 yaliyolingana kadiri alivyoweza. Mmoja wao akageuka asiyaone. Mpishi akagusa fungu moja na kuuliza ni la nani. Aliyegeuka akataja jina. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba amepunjwa kwa makusudi. Shackleton aliutumia tena utaratibu huo katika safari yake mwenyewe ya 1908–1909. Mtu aliyeshiba anaweza kuuona kuwa mchezo wa watoto, lakini kwa watu wenye njaa ya miezi, shaka ndogo juu ya kipande cha biskuti inatosha kuzaa chuki isiyokwisha.

Katika safari hiyo ya pili lilitokea jambo lililomfunga mtu mmoja kwa Shackleton kwa maisha yake yote. Tarehe 31 Januari 1909, Frank Wild akiwa hoi kwa kuhara, Shackleton alimlazimisha apokee biskuti yake mwenyewe ya asubuhi. Wild aliandika katika shajara yake kwamba maelfu ya pauni yasingeweza kuinunua biskuti ile. Miaka 5 baadaye alikuwa makamu wa Shackleton ndani ya Endurance.

Endurance iliondoka Georgia Kusini tarehe 5 Desemba 1914, shabaha ikiwa ni kulivuka bara la Antaktika kwa miguu na mbwa. Mwezi uliofuata ilinaswa na barafu katika Bahari ya Weddell. Ndani yake walikuwamo wanasayansi wanne, baadhi yao kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, madaktari wawili, mpiga picha wa Australia Frank Hurley, mchoraji George Marston, mabaharia waliozoea shida za meli za kuvulia samaki, na kijana wa Wales, Perce Blackborow, aliyejificha melini pale Buenos Aires. Watu hao hawakuchaguana. Walipangiwa kazi bila kujali elimu wala ukoo: wanasayansi walipokea zamu za usiku na kupiga deki kama wengine. Thomas Orde-Lees, kapteni wa askari wa majini, aliandika kwamba kusugua sakafu hakumfai mtu wa malezi yake, kisha akakiri kwamba kunamshusha kiburi. Jumamosi usiku walikaa pamoja wakaimba, Leonard Hussey akipiga banjo.

Tarehe 27 Oktoba 1915 meli iliyopondwa iliachwa, na tarehe 21 Novemba ikazama. Watu wakapiga kambi juu ya barafu inayoelea. Mifuko ya kulalia ya manyoya ilikuwa 18 tu. Iliyobaki ilikuwa ya sufu, isiyozuia baridi sawasawa. Ikapigwa kura, na kwa namna ambayo mabaharia wenyewe walitambua kwamba haikutokea kwa bahati, mifuko ya manyoya iliwaangukia wao huku Shackleton na maofisa wake wakubwa wakibaki na ya sufu. Katika kugawa mahema, Shackleton aliwachukua kwake wale aliohofia wangechosha wenzao: Hurley aliyependa kutukuzwa, mwanafizikia Reginald James aliyekuwa shabaha rahisi ya dhihaka, na Hubert Hudson aliyekuwa mgumu kuishi naye. Kila mmoja aliruhusiwa kubeba takriban kilo 1 tu ya vitu vyake. Banjo ya Hussey ilikuwa nzito mara kadhaa kuliko kiwango hicho, lakini Shackleton aliagiza ichukuliwe, akisema kwamba wataihitaji kama dawa ya akili.

Hata hivyo umoja huo ulipata ufa. Mwishoni mwa Desemba walikuwa wakiburuta mashua juu ya barafu laini iliyowameza hadi magotini. Seremala wa meli, Mskoti Harry McNish, mmoja wa wazee kuliko wote, alisimama akakataa kuendelea. Alikuwa na uchungu tayari, kwa maana paka wake, Mrs Chippy, alipigwa risasi siku chache baada ya meli kuachwa, pamoja na wanyama wengine ambao chakula chao kisingepatikana. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: mkataba wa baharia huisha meli inapopotea, na mshahara hukoma, basi amri nazo zimekoma. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana kwa desturi ya meli za biashara za wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Shackleton aliwakusanya wote akawasomea mkataba, akawaambia kwamba katika safari hii wanabaki chini ya amri na mishahara yao itahesabiwa hadi watakapofika bandarini. McNish alirudi kwenye kamba. Shackleton hakumsahau, na aliandika hivyo.

Tarehe 9 Aprili 1916 barafu ilifunguka, na mashua 3 zikashushwa majini: James Caird, Dudley Docker na Stancomb Wills, zote zikiwa na majina ya wafadhili wa safari. Usiku wa kwanza walilala juu ya kipande cha barafu. Kipande hicho kilipasuka katikati ya hema, na mtia makaa Ernest Holness akaanguka baharini akiwa ndani ya mfuko wake wa kulalia. Shackleton aliunyaka mfuko na kuuvuta juu kabla kingo za barafu hazijagongana tena. Nguo kavu za kumbadilishia hazikuwapo. Wenzake wakabaki wakimtembeza huku na huko hadi kulipokucha, barafu iliyoganda kwenye nguo zake ikikatika kila alipokunja mguu, huku yeye akilalamikia tumbaku yake iliyozama.

Siku 6 zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote walizokwisha kuziona. Mashua ziliondoka kwa haraka bila barafu ya kuyeyusha, na kiu ikawafanya watafune nyama mbichi ya sili. Usiku walijikunja pamoja chini ya vitambaa vya mahema wakigawana joto la pumzi. Hurley alipoteza glavu zake, na Shackleton akavua zake akampa. Hurley aliposita, Shackleton alimwambia kwamba asipozivaa zitatupwa baharini. Ndani ya Dudley Docker mguu wa Lionel Greenstreet ulianza kufa ganzi kwa baridi. Aliyeusugua, kisha akafungua nguo zake na kuuweka juu ya tumbo lake tupu hadi damu ikarudi, alikuwa Orde-Lees, mtu ambaye shajara za wenzake humtaja kuwa mvivu wa makasia na mchoyo. Tendo hilo moja linafundisha zaidi juu ya mashua zile kuliko sifa nyingi za jumla. Greenstreet hakuanza kumpenda Orde-Lees siku hiyo. Alipata mguu wake.

Walifika Kisiwa cha Elephant tarehe 15 Aprili 1916, wakakanyaga ardhi kwa mara ya kwanza baada ya siku 497. Shackleton alitaka heshima ya kuwa wa kwanza kushuka impate Blackborow, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kijana aliteremka, akaanguka palepale majini: vidole vyake vya miguu vilikwisha kugandishwa na baridi.

Kisiwa hicho hakikuwa katika njia ya meli yoyote. Ikaamuliwa kwamba James Caird, mashua kubwa na imara kuliko nyingine, iende kutafuta msaada katika vituo vya wavuvi wa nyangumi huko Georgia Kusini, umbali wa kilomita zipatazo 1,300 katika bahari iliyochafuka kuliko zote duniani. Maandalizi yalikuwa mikononi mwa McNish. Alikwisha kuziinua kuta zake walipokuwa kwenye barafu, na maungio akayakalafati kwa utambi wa taa na rangi za mafuta za Marston, akapaka na damu ya sili. Sasa alitengeneza sitaha kwa miti ya sleji na vifuniko vya masanduku, juu yake turubai. Turubai ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama bati. Mabaharia waliiyeyusha kipande kwa kipande juu ya moto wa mafuta ya sili ndipo sindano ikapita. Mlingoti wa mashua nyingine ukafungwa ndani, sambamba na mkuku, ili mashua isivunjike mgongo. Farumi ilikuwa mawe na mifuko ya changarawe.

Watu waliojitolea kwenda walikuwa wengi kuliko nafasi. Wild aliomba, akakataliwa, kwa sababu hakuna mwingine ambaye Shackleton angemwachia watu 21. Frank Worsley wa New Zealand, nahodha wa Endurance, alihitajika kwa elimu yake ya kusoma jua na nyota. Tom Crean wa Ireland alisihi hadi akakubaliwa. Timothy McCarthy, naye wa Ireland, alikuwa baharia hodari asiyejua kununa. Waliobaki wawili ndio wanaostahili kutazamwa vizuri: McNish aliyegoma, na John Vincent, aliyeshushwa cheo cha userahangi kwa kuwaonea wenzake. Ujuzi wa seremala na nguvu za Vincent vilikuwa sababu tosha. Lakini ilieleweka pia kwamba kuwaacha kisiwani pamoja na watu wenye njaa na mashaka kungempa Wild mzigo wa ziada. Basi mashua iliyobeba tumaini la wote ilipewa watu wawili wagumu kati ya sita, na hiyo ilikuwa hesabu ileile ya mahema.

James Caird iliondoka tarehe 24 Aprili. Watu waligawanywa zamu mbili za saa 4: Shackleton, Crean na McNish, kisha Worsley, McCarthy na Vincent. Katika kila zamu mmoja alishika usukani, mwingine aliangalia tanga, wa tatu alikumba maji. Zamu iliyopumzika ilitambaa kwa tumbo juu ya mawe ya farumi hadi kwenye omo, ambako mifuko ya kulalia iliyolowa ilikuwa ikipukutisha manyoya, yakiingia kinywani, puani na kwenye chakula. Watatu walilala humo wakibanana, na mmoja akigeuka wote waligeuka.

Kupika kulikuwa kazi ya watu wawili au watatu kwa pamoja. Crean na Worsley waliketi wakitazamana, migongo ikiegemea kuta za mashua, na kwa nyayo zao walilibana jiko la mafuta ya taa lisipinduke. Crean alipika, Worsley alishika sufuria na kuiinua kila mawimbi yalipoirusha mashua, maana kumwaga mlo mmoja kulikuwa hasara isiyolipika. Supu nzito ya unga wa nyama na mafuta ilinywewa ikiwa inachemka. Kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote lakini haikuvunjwa: aliyemaliza wa kwanza alitoka nje mara moja akampokea mshika usukani, ili naye aipate yake ingali moto. Tukitafuta mahali ambapo watu 6 hawa waligeuka kuwa wamoja, ni hapo. Mtu mwenye njaa na baridi, akiwa na kisingizio cha kukaa ndani dakika moja zaidi, aliiacha dakika hiyo kwa ajili ya mwenzake, mara kadhaa kila siku, kwa siku zote hizo.

Worsley ameeleza jambo jingine aliloliona. Shackleton alikuwa akiwatazama watu wake daima, na alipomwona mmoja anatetemeka kupita wenzake, aliagiza maziwa ya moto kwa wote sita. Aliyezidiwa hakuambiwa kwamba maziwa yale yalikuwa kwa ajili yake. Angejua, angeanza kujiogopea, na hofu ingemmaliza kabla ya baridi. Huu ni uongozi wa hali ya juu, nao ulikuwa wa aina ya kura za mifuko: msaada ulitolewa kwa njia isiyomtia mtu aibu.

Karibu na mwisho wa wiki ya kwanza, upepo wa kusini uligandisha kila tone lililoruka juu ya sitaha. Barafu ikanenepa, mashua ikalemewa, ikaanza kuchelewa kuinuka kutoka mawimbini. Ilibidi mmoja mmoja atambae juu ya sitaha inayoteleza, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika shoka, akate barafu bila kuitoboa turubai. Hakuna aliyeweza kustahimili zaidi ya dakika chache. Akirudi, mwingine akapanda. Makasia ya ziada na mifuko miwili ya kulalia vilitupwa baharini kupunguza uzito, na tangu hapo mifuko ilitumiwa kwa zamu, anayetoka akimwachia anayeingia joto lake.

Elimu ya Worsley nayo ilihitaji mikono ya wenzake. Jua lilionekana mara chache mno, na katika safari nzima alilipima mara 4 tu. Lilipochungulia mawinguni alipiga magoti juu ya ubao wa kukalia, wenzake wawili wakamshika huku na huku asirushwe majini, akasubiri mashua ipande juu ya wimbi ndipo upeo wa bahari uonekane. Akipiga kelele, Shackleton aliandika saa ya kronomita. Kosa dogo la hesabu lingewapitisha pembeni mwa Georgia Kusini, na mbele yake ni bahari tupu hadi Afrika.

Usiku wa tarehe 5 Mei Shackleton, akiwa kwenye usukani, aliona mstari mweupe nyuma yao akadhani anga linafunguka. Lilikuwa povu la wimbi kubwa kuliko lolote aliloliona katika miaka 26 ya ubaharia. Mashua ilijaa nusu, na wote wakakumba maji kwa chochote kilichoshikika hadi ikaelea tena. Vincent, aliyekuwa na mwili wenye nguvu kuliko wote, alikwisha kuvunjika; McNish alikonda lakini hakuacha zamu yake. McCarthy alimkabidhi Worsley usukani akimwambia kwa uso mkunjufu kwamba ni siku nzuri, ilhali maji ya bahari yalikuwa yakimtiririka shingoni. Worsley hakulisahau jambo hilo.

Tarehe 8 Mei McCarthy aliona nchi kavu. Kimbunga kikawazuia kushuka, na pipa lao la mwisho la maji lilikwisha kuingiwa na chumvi. Tarehe 10 Mei waliingia Ghuba ya King Haakon, upande wa kisiwa usiokaliwa na mtu. Mashua na watu walikuwa wamechakaa mno kuzunguka pwani, kwa hiyo Shackleton, Worsley na Crean wakaivuka milima kwa miguu, McNish akiwa amewapigilia parafujo za mashua kwenye nyayo za viatu ili wasiteleze. Kwa saa 36 walitembea bila hema wala mifuko ya kulalia, wakafika kituo cha Stromness tarehe 20 Mei. Wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuja kusema kwamba milimani walihisi kuwapo kwa mtu wa nne pamoja nao.

Worsley aliporudi kwa meli ya wavuvi wa nyangumi kuwachukua watatu waliobaki, walilalamika kwamba hakuna hata mmoja wa wale waliovuka milima aliyekuja kuwapokea. Worsley alikuwa amesimama mbele yao. Alikuwa ameoga na kunyoa, wakashindwa kumtambua. James Caird ilichukuliwa pia. Huko Stromness, Wanorwei wa kituo walisisitiza kuivuta nchi kavu wenyewe, na manahodha wazee waliozijua bahari hizo kwa miaka 40 walikuja mmoja mmoja kuwashika mkono watu sita hao.

Katika Kisiwa cha Elephant, watu 22 waliishi chini ya mashua mbili zilizopinduliwa juu ya kuta fupi za mawe. Wild aliurithi utaratibu wote. Kila asubuhi aliwaambia wafunge mifuko yao, huenda mkubwa akafika leo. Akasema hivyo miezi 4. Tarehe 15 Juni madaktari James McIlroy na Alexander Macklin walimkata Blackborow vidole vya mguu wa kushoto kwa mwanga wa taa ya mafuta, hewa ikiwa imepashwa moto kwa ngozi za pengwini ili dawa ya usingizi ifanye kazi. Kitabu kidogo cha mapishi cha Marston kilisomwa usiku, ukurasa kwa ukurasa, na Jumamosi banjo ilipigwa. Magomvi hayakukosekana, hasa juu ya chakula na juu ya Orde-Lees, aliyekuwa mtunza stoo. Hakuna aliyekufa.

Shackleton alijaribu mara 3 kuwafikia akazuiwa na barafu. Mara ya 4, tarehe 30 Agosti 1916, meli ndogo ya serikali ya Chile, Yelcho, chini ya Luis Pardo, ilipenya. Shackleton aliuliza kutoka kwenye mashua kama wote wazima, na Wild akamjibu kwamba wote wazima. Katika muda wa saa moja hivi kisiwa kilikuwa kitupu.

Vita Kuu iliwapokea waliporudi. McCarthy aliuawa baharini Machi 1917, Alfred Cheetham mwaka 1918, wote wawili kwa meli zilizopigwa na manowari za Kijerumani. Shackleton alipoita tena watu mwaka 1921 kwa safari ya meli Quest, Wild, Worsley, Macklin, McIlroy, Hussey, mpishi Charles Green, Alexander Kerr na Thomas McLeod walikuja, ingawa baadhi ya mabaharia wa Endurance walikuwa bado wanadai mishahara. Shackleton alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 5 Januari 1922 huko Georgia Kusini, akazikwa Grytviken.

Kuna upande mmoja ambao udugu huu haukuufikia. Medali ya Ncha za Dunia ilitolewa kwa watu wa Endurance kwa mapendekezo ya Shackleton, na majina manne hayakuwamo: Holness, William Stephenson, Vincent na McNish. Wawili wa mwisho walikuwamo ndani ya James Caird. Kumnyima McNish ni vigumu kukutetea. Kugoma kwake kulidumu saa chache, na sitaha aliyoiunda iliwaokoa watu 28. Macklin, aliyeishi naye katika barafu, aliandika baadaye kwamba katika kundi lote hakuna aliyestahili kutambuliwa kuliko seremala yule mzee, na kwamba kumnyima medali ni dhuluma kubwa. McNish alifariki Wellington, New Zealand, mwaka 1930, akiwa maskini, bila kuipata.